Ukwaju Ndani ya Jagi la Kijani

Kila asubuhi basi la kiwanda lilipopiga honi, mama yake Maricruz alitoka mbio, kiatu kimoja mguuni kingine mkononi, akashone jinzi mjini mpaka jua lizame. Baba alikuwa ng'ambo ya mpaka akichuma nyanya za watu. Enzi za Bibi Eufrasia haikuwa hivyo hata kidogo. Nyumba nzima ilifinyanga vyungu, wakubwa kwa watoto, katika ua mmoja. Sasa tanuri limegeuka banda la kuku, bibi miguu imemvimba, na anayeendesha nyumba ni Maricruz, msichana wa darasa la sita. Akitoka shule apike maharage, apashe chapati za mahindi, amwogeshe mdogo wake Nabor. Wenzake walimwita "Mama Nabor", wakamuuliza kama wajukuu hawajambo.

Nabor naye alipenda maji ya ukwaju kuliko chakula. Joto lilipozidi, Maricruz akawa anayatia kwenye jagi la udongo la kijani lililokaa kabatini, maana udongo unapoza kuliko plastiki. Bibi alikataza lisiguswe, ndilo la mwisho alilofinyanga na marehemu mumewe. Maricruz alilichukua kimya kimya, akaliosha na kulirudisha bibi akiwa bado amelala mchana. Tangu Pasaka ilikuwa hivyo.

Kisha Nabor akaanza kulia tumbo. Akapauka, akakataa kula. Bibi alisema ni kijicho, akampitishia yai mwili mzima ili linyonye kijicho hicho, na kumwombea. Wapi! Siku moja mtoto akaanguka jikoni, macho yamegeuka, mwili unatetemeka. Jirani aliwakimbiza hospitali kwa gari lake la kubebea udongo.

Mama alifika kutoka kiwandani, nyuzi za jinzi bado zimemganda nyweleni. Daktari akauliza mtoto amekula nini, amekunywa nini, nyumbani kuna sumu ya panya? Mama hakujua. Akabaki kusema, "Mimi mama gani mimi, sijui mwanangu anakunywa nini." Daktari akauliza kuhusu vyungu. Bibi akaapa kwamba siku hizi wanapikia sufuria tu. Daktari akasema damu imepelekwa kupimwa mbali, majibu yatachelewa, na mtoto hana muda huo.

Maricruz alisimama ukutani. Akisema, wote watajua ni yeye. Kitandani Nabor akaanza kutetemeka tena.

"Bibi," akasema, "nimetumia jagi lako. La kijani. Namtilia ukwaju kila siku."

Daktari aligeuka hapo hapo. Akaeleza kwamba ile rangi inayong'arisha vyungu vya zamani ina madini ya risasi, na kitu kichachu kinayayeyusha, mtoto anayanywa. Sasa alijua dawa ya kumpa, akaagiza iletwe upesi.

Bibi aliketi sakafuni. "Nilizika watoto wangu wawili," akasema. "Rufino na Chabela. Tumbo, tumbo, halafu mtetemeko. Tukasema kijicho. Kumbe rangi ile nilikuwa naisaga mimi, wao wako mgongoni."

Nabor alikaa hospitali wiki kadhaa, akarudi amekonda, lakini anadai chapati na chumvi. Ndipo bibi alipomshika Maricruz bega, wakaanza kupita nyumba za wafinyanzi kuwaonya. Mzee Hilario aliwacheka, akadai amekula kwenye vyungu hivyo maisha yake yote na bado ana nguvu za punda. Bibi hakubishana. Alimtajia majina ya wanawe wawili aliowazika. Mzee akavua kofia.

Njiani Maricruz alikuwa analia.

"Ulikosea kuficha, mjukuu wangu," bibi akasema, "na mimi nilikosea kutouliza. Ukifanya kitu kwa siri ukaona mtu anaumwa, sema siku ile ile, hata kama utachapwa. Ukinyamaza, anayeumia ni mwingine." Akamfuta machozi kwa shali. "Haya, gonga mlango ule. Safari hii utaanza kusema wewe."