Kondoo Aliyepiga Chafya

Uzi ule ulikataa sabuni. Chemutai aliuloweka kwenye karai usiku kucha, akausugua kwa sabuni ya unga, akauanika kwenye seng'enge ya ua mpaka ukakauka kabisa, lakini kila alipouinua puani harufu ilikuwa palepale. Ugoro. Na katika boma lile hakukuwa na mtu wa kunusa ugoro. Walikuwa watu waliookoka, na mama mkwe wake, Kogo Rebeccah, yaani Nyanya Rebeccah, ndiye aliyeongoza akina mama wa kanisa pale Kiptere. Ukithubutu kutaja ugoro mbele yake, ungeombewa mpaka miguu ife ganzi.

Tena uzi wenyewe ulitoka kwake. Kipkirui, mumewe Chemutai, aliuleta jioni moja ukiwa mabonge ya kijivu ndani ya mfuko wa nailoni. Alisema mama amefumua sweta ya zamani, na anaomba mtoto ashonewe kondoo wa kutundika juu ya kitanda, mwenye mfuko wa kuwekea nepi. "Amesema ushone kwa mkono wako mwenyewe," akaongeza, kisha akatoka kwenda kuangalia ng'ombe hata chai hajamaliza.

Chemutai alifurahi, tena alifurahi kama mjinga. Tangu aolewe kutoka Bomet, Kogo hakuwahi kumpa hata kijiko. Mtoto wake wa kwanza alipokufa kabla hajajua kukaa, Kogo alisema mbele ya waombolezaji kwamba kuna wanawake wasiojua kulea. Leo mama huyo huyo anamletea uzi! Alijiambia moyo wa mzee umelainika, na hiyo harufu ni ya sanduku tu, akachukua sindano yake ya krosheti.

Na mkono alikuwa nao, tusimnyime haki yake. Kuanzia Sosiot mpaka Kiptere, viti vya sofa vilivaa vitambaa alivyoshona yeye. Alianza na pua, kiduara kidogo, akakizungusha kikapanuka kuwa uso, kisha akakikaza shingoni. Mwili aliushona kwa vitanzi virefu vya kuning'inia, ndiyo manyoya. Akaweka masikio, miguu minne minene, na macho ya vifungo vya koti. Kichwa alikijaza vipande vya sponji, na mgongoni akaacha mdomo wa kupitishia nepi. Alipommaliza alimtundika msumarini juu ya kitanda cha Fancy, binti yake wa miezi mitatu, uso ukielekea dirishani, kule mashamba ya majani chai yanakoteremkia mtoni.

Asubuhi kondoo alikuwa anatazama kitanda.

Upepo, alijisemea, akamgeuza. Alasiri mvua ilipoanza kama kawaida yake, Chemutai alikuwa ameketi jikoni anachambua maharagwe. Mumewe alikuwa kazini kwenye kituo cha kununua majani, Kogo yuko kanisani. Akasikia chafya chumbani. Ilikuwa chafya kavu, ya mtu mzima, na baada yake pumzi ndefu ya mtu aliyechoka. Alikimbilia chumbani. Fancy alikuwa amelala fofofo. Chemutai akainama akatafuta paka chini ya kitanda, ingawa alijua vizuri hawafugi paka.

Huku kwetu chafya si jambo la kupuuza. Mtoto akizaliwa, akina mama wazee humzunguka wakaita majina ya wafu wa ukoo wa baba, mmoja mmoja, huku wakimsogezea ugoro puani, na pale anapopiga chafya, aliyeitwa ndiye amerudi. Jina linakuwa la mtoto. Na yule mfu, kwa kuwa ameitwa na kupokewa, humlinda mtoto asiguswe na kitu. Hata waliookoka hufanya, ila wanafunga mlango kwanza. Fancy aliitiwa majina mengi siku ile, akagoma. Mwishowe Kogo akatangaza kwamba amepiga chafya kwenye jina la nyanya ya marehemu mumewe. Wenzake hawakuisikia hiyo chafya. Lakini nani atabishana na Kogo?

Basi mambo yakaanza kuharibika. Nepi alizoziingiza kwenye mfuko wa kondoo zikiwa zimekauka, Chemutai alizitoa zina uvuguvugu, kama nguo zilizolaliwa, na zinanuka moshi na kinyesi cha ndama. Akaanza kusikia kikohozi, mara ukutani, mara karibu na kitanda, kikohozi cha kifua kizee kilichokula moshi mwingi. Siku chache baadaye Fancy naye akaanza kukohoa vilevile, akakataa ziwa, mashavu yakaanza kuingia ndani. Nesi wa zahanati alimweka chombo kifuani akasikiliza, akasema kifua ni safi, labda mama ana wasiwasi kwa sababu ya yule wa kwanza. Chemutai alirudi nyumbani analia njia nzima, maana huyu ndiye aliyekuwa naye, hakuwa na mwingine.

Alimwambia mumewe kwa kunong'ona. Kipkirui alisema mbao za ukuta zina nyufa. Lakini tangu siku hiyo akahamishia godoro lake sebuleni, na Chemutai alipopanda kwenye stuli kumtoa kondoo msumarini, mume huyo ambaye hajawahi kumwinulia mkono alimshika kifundo cha mkono mpaka kikauma.

"Wacha," alisema. "Mama ataumia moyo."

Aliyekuja kumfungua macho ni Judy, Mkisii aliyeolewa na Benard, kaka mkubwa wa Kipkirui. Alifika mchana mmoja mawingu yakiwa yameshuka juu ya majani chai, akasimama mlangoni na kukataa kuingia. Alikuwa amekonda. Kupitia mlango wa chumba alimwona kondoo, akaziba mdomo kwa shuka aliyojitanda.

"Chemutai," alisema chini chini, "hujanusa ugoro?"

"Nimenusa."

Judy akamwambia yote hapo hapo kizingitini, macho yakiwa njiani asije mtu akawakuta. Sweta ilikuwa ya Taplelei, mke wa kwanza wa baba mkwe wao. Taplelei hakujaliwa mtoto. Rebeccah alipoletwa na kuzaa wavulana, alimtoa mwenzake nyumbani akampeleka kibanda cha ndama, yeye na sweta yake ya kijivu na kopo lake la ugoro, na huko Taplelei alikohoa msimu mzima wa mvua mpaka akafa. Hakuliliwa. Wala hakuna mtoto wa ukoo aliyewahi kuitiwa jina lake, Kogo alilipiga marufuku. Mwaka uliopita watoto wa Judy, wavulana wawili ambao Kogo anawapenda kuliko macho yake, walianza kukohoa. Mama wa kanisa akajifunika leso akaenda kwa mganga upande wa Fort Ternan. Mganga akamwambia aliyekufa anataka mtoto wa boma hilo. Apewe mmoja, atawaachia wengine. Nguo yake ifumuliwe, ishonwe upya na mama wa mtoto kwa mkono wake, bila kujua.

"Akachagua," Judy akasema. "Wangu walilala vizuri siku ile uzi ulipoletwa kwako. Nilijua na nikanyamaza. Wewe ungefanya nini?"

Chemutai alikumbuka alivyoushukuru ule mfuko wa nailoni, alivyotoa macho ya vifungo kwenye koti lake zuri, alivyokuwa akimwombea Kogo baraka kwa kila kitanzi alichovuta, akajionea huruma na aibu pamoja. Judy alipoondoka mbio mbio, yeye aliingia chumbani, akamng'oa kondoo msumarini, akatafuta fundo la mwisho alilofunga mwenyewe, akalikata na kuanza kufumua.

Mguu wa kwanza ukafumuka, na Fancy, aliyekuwa akikohoa, akanyamaza. Wa pili ukafumuka, Fancy akafungua mdomo bila kutoa sauti. Nje mvua ya mawe ilikuwa imeanza kupiga mabati, chumba kikawa giza kama jioni, na Chemutai akaendelea kuvuta, uzi ukimrundikia mapajani, mpaka alipoona kwamba kila mzunguko unaofumuka kupanda kwa kifua cha mtoto kunapungua, halafu kunapungua tena, na kwamba midomo yake inabadilika rangi ikawa kijivu, kijivu kilekile cha uzi, na akaelewa kwamba kile alichokishona kimekwisha kushikana na mwanawe na hawezi kumfumua mmoja bila kummaliza mwingine. Akauachia uzi.

Kipkirui akaingia hapo, amelowa chepechepe. Aliuona uzi sakafuni.

"Ulijua?" Chemutai akamwuliza.

Mwanamume akakaa kwenye ukingo wa kitanda akaushika uso wake. Nyumba yote ilikuwa kelele za mawe tu.

"Kipkirui. Ulijua?"

"Mama alisema sisi bado ni vijana," alijibu, sauti haisikiki vizuri. "Alisema tutazaa mwingine."

Kama angempiga, Chemutai angejua la kufanya. Alimtazama baba wa mtoto wake akaona hamjui, hajawahi kumjua, amelala na mgeni miaka yote hii, amempikia, amemfulia shati la kazini. La mama mkwe lilikuwa uchungu tu. Hili lilimkata.

Ndipo kondoo akapiga chafya. Alikuwa sakafuni kati yao, miguu miwili hana, uso wa uzi umeinuka, na harufu ya ugoro ikajaa chumbani pamoja na moshi na baridi ya kibanda cha ndama, na kile kikohozi kikaanza, taratibu, kikisogea kutoka mlangoni kwenda kwenye kitanda, kikanyamaza, kikasogea tena, na godoro la mtoto likabonyea upande mmoja kama mtu mzima ameketi hapo, na Fancy akageuza kichwa kumtazama huyo aliyeketi, na Kipkirui akarudi nyuma mpaka ukutani akaanza kuliitia jina la Yesu, lakini meno yalikuwa yanagongana na jina halitoki, na Chemutai, ambaye hakuwa tena na mume wala mama mkwe wa kumtazamia, alijikuta anamwelewa huyo aliyeketi kuliko alivyowaelewa wote waliokuwa hai katika boma lile.

Akapenyeza kidole shingoni mwa kondoo akachota ugoro. Ulikuwa ndani ya kichwa cha kondoo, katikati ya vipande vya sponji, hakuuweka yeye. Akapiga magoti, akakisogeza kidole puani mwa mtoto.

"Usifanye hivyo," Kipkirui akasema. "Mama alikataza."

"Taplelei," Chemutai akaita.

Mvua ya mawe ikakatika ghafla. Godoro halikuinuka.

"Taplelei," akaita tena, na sasa alikuwa analia. "Walikutoa nyumbani. Mimi pia wamenitoa. Usiibe mtoto kama mwizi. Ingia kwa mlango, jina nakupa. Lakini ukilichukua, umlinde. Aishi."

Fancy akapiga chafya. Kondoo naye akapiga chafya, sauti moja, kisha kichwa chake kikalala upande, kikawa uzi mtupu. Mtoto akavuta pumzi ndefu, akapaza kilio chenye nguvu, kilio cha njaa. Chemutai akamwinua akampa ziwa, na alinyonya kwa pupa mpaka Chemutai akaumia, na hakujali.

"Imeenda?" Kipkirui akauliza kutoka ukutani.

"Iende wapi?" mkewe akasema. "Hapa ni kwao."

Asubuhi Kogo Rebeccah akaja. Alikuwa amefunga leso nyeusi, kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, mkononi, na uso ameshauandaa kwa matanga. Alimkuta Chemutai ameketi mlangoni anashona kwa ule uzi wa kijivu, kitu kidogo chenye mikono miwili, sweta ya mtoto. Uzi haukuwa na harufu yoyote tena isipokuwa ya sabuni. Mtoto alikuwa ndani kitandani, mashavu yana rangi, anarusha miguu. Kipkirui alikuwa ameinama kwenye kikombe chake cha chai.

Kogo alitweta kidogo. Akamshukuru Mungu kwa sauti kubwa, akaweka kibuyu chini, akampita Chemutai akaingia ndani kumwinua mjukuu. "Fancy wangu," akasema. Mtoto akageuzia uso ukutani.

"Haitikii hilo tena, mama," Chemutai alisema bila kuacha kushona. "Mwite kwa jina lake."

"Lipi?"

"Lile ulilokataza."

Mama wa kanisa akamtazama mwanawe, na mwanawe akazidi kuinama. Akautazama mlango, na Chemutai alikuwa ameujaza, sindano ikienda na kurudi. Kogo alilamba midomo, akajaribu, akakohoa, akajaribu tena, na mwisho jina likatoka kwa sauti ndogo ya mtu anayebisha hodi usiku.

Mtoto akageuka mara moja. Akatabasamu, ufizi mtupu, akanyoosha mikono abebwe, na Kogo akambeba maana hakuwa na la kufanya. Kile kiganja kidogo kikampapasa shavu, taratibu, kama kinamkumbuka. Kisha mtoto akamkoholea usoni, kikohozi kizito cha kifua kizee, na pumzi yake ilikuwa ya ugoro.

"Mchukue," Kogo akanong'ona. "Chemutai, tafadhali. Mchukue mtoto wako."

Chemutai alihesabu vitanzi vyake akaanza mkono wa pili wa sweta. Kogo Rebeccah alibaki amesimama katikati ya nyumba, mtoto mikononi, na hakuna aliyeinuka kumpokea.