Upande wa Pili wa Kaseti

Mkanda wa mpira ulikuwa mkononi mwake, umekatika, na kaseti ilikuwa bado inazunguka.

Fundi Waya aliutazama ule mkanda, akaitazama redio ya gari iliyofunguliwa mezani, akarudi tena kwenye mkanda. Jamani, huo ndio unaozungusha kila kitu mle ndani; ukikatika, redio inabaki bati tupu. Akajisemea labda kuna umeme umebakia mahali, ingawa alijua fika umeme haubakii hivyo.

Redio aliletewa asubuhi na dereva mmoja mstaafu, mzee wa maneno machache. "Inatafuna kaseti," mzee alisema. "Isafishe, ubadilishe mkanda, basi. Ila usitie kaseti yako." Waya akajibu "sawa mzee" ile tunayowajibu wazee wakati akili imeshaamua vingine. Fundi gani anarudisha redio bila kuijaribu?

Na kaseti yake ya kujaribia ilikuwa moja tu: sauti ya marehemu mama yake, aliyejirekodi akiwasalimia watoto walio mbali, anawaasa wawe wanakula vizuri, anakohoa, anacheka. Waya aliijua neno kwa neno. Akimsikia mama anaburuta maneno kama mlevi, mkanda umelegea. Akimsikia kama yuko chini ya blanketi, basi hedi, kile kichuma kinachosoma utepe, ni chafu, achukue pamba na spiriti. Kila siku alisema ataitolea nakala, na kila siku akaiahirisha. Hakuna mahali pengine duniani ilipokuwepo sauti ile.

Sasa ilikuwa inasikika safi kuliko siku zote. Alibonyeza kitufe cha kutolea kaseti, ikagoma. Akachomoa waya wa betri. Mama akaendelea kuongea.

"Waya," alisema mama, "mbona umekonda?"

Fundi akakaa chini taratibu. Maneno hayo hayakuwemo kwenye kaseti. Tena jina la Waya alibandikwa na mafundi wenzake mama akiwa ameshazikwa. Harufu ya dawa ya kifua, ile mama aliyokuwa akijipaka wakati wa kuumwa, ikatoka kwenye tundu la redio na kujaa karakana nzima. Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Katika cha nyuma alikuwa amelala binti yake, mtoto ambaye bibi yake hakuwahi kumwona.

"Mjukuu wangu," sauti ikaita.

"Abee, bibi," mtoto akaitikia kutoka chumbani, kwa sauti ya usingizi.

Waya alimpigia simu mwenye redio, akakosea namba, akapiga tena.

"Umetia kaseti," mzee alisema kabla hata ya salamu. "Ya nani?"

"Ya mama yangu. Marehemu."

"Kuna aliyeitikia?"

"Mwanangu."

Mzee akashusha pumzi. "Huyo siyo mama yako, nisikilize. Ng'oa utepe wote, uuchome. Usiuache ufike mwisho. Ukifika mwisho redio ikaugeuza upande wa pili, atahamia kwa aliyeitikia. Na wewe usimsikilize, kijana. Kazi yake ni kukuchelewesha."

Waya akashika bisibisi, akaichokonoa kaseti pale ilipokwama, akaupata utepe, mwembamba, wa moto, ukimtelezea kwenye vidole. Gurudumu la kushoto lilikuwa limebakiwa na utepe kidogo sana. Kuvuta tu.

"Mwanangu," mama alisema chinichini, "ukinichoma, utanisikia wapi tena?"

Na hapo, kwa kuwa alimpenda, na kwa kuwa hakuwahi kutoa ile nakala, na kwa kuwa sauti ilikuwa na kile kikohozi kidogo cha katikati ya sentensi ambacho hakuna jini wala binadamu angeweza kukiiga, au ndivyo alivyotaka kuamini, mkono wake ukasimama na utepe ndani yake, akainamisha sikio, akasema moyoni sentensi moja tu, niisikie moja tu ya mwisho, na mama akaanza kumsalimia kama zamani, mmeamkaje wanangu, mnakula lakini, huku gurudumu likizunguka na yeye machozi yakimtoka na mkono haufanyi kitu.

Tak.

Redio ikageuza upande. Sauti ikakatika.

Waya aliurarua utepe kwa mikono miwili, akautupia kwenye kopo la rangi, akamwagia spiriti, akawasha. Ulijikunjakunja, ukanuka vibaya, ukaisha. Akakimbilia chumba cha nyuma. Mtoto alikuwa amelala ubavu wa kulia, mdomo wazi, jasho shingoni kama mtoto yeyote wa mchana wa joto. Alimgusa paji la uso. Halikuwa na homa.

Mzee alifika jua likiwa bado juu, akaipokea redio yake kwa kitambaa.

"Uliwahi?" aliuliza mlangoni, bila kuingia.

"Niliwahi," Waya akadanganya, kwa sababu alitaka sana iwe kweli.

Akarudi kukaa kitandani pembeni ya binti yake. Nyumba ilikuwa kimya. Alianza hata kujicheka: mtu mzima, kutetemeshwa na bati. Mama nimempoteza mara ya pili, aliwaza, lakini mtoto ninaye.

Mtoto akajigeuza kulalia ubavu wa kushoto. Katikati ya kugeuka, kooni mwake, kitu kikalia tak.

Chumba kikaanza kunuka dawa ya kifua. Mtoto huyu, ambaye tangu aanze kusema hakuwahi kumwita kwa jina lingine ila baba, akafumbua macho na kukohoa kidogo.

"Waya," alisema, "mbona umekonda?"