Balbu Iliyokataliwa

Nyumbani wananiita Mbishi, na jina hilo sikupewa bure. Kila Jumamosi asubuhi, kabla studio ya picha ya mama haijafunguliwa, mimi hufagia, hupangusa viti, kisha huwasha taa za flashi kuona kama zote ni nzima.

Flashi ya studio ina mianga miwili. Mmoja hupiga mara moja tu, picha inapopigwa. Mwingine ni wa balbu ndogo inayokaa ikiwaka, ili mpiga picha aone kivuli cha pua kinaangukia wapi kabla hajabonyeza kamera. Jumamosi ile, balbu ndogo ya flashi ya kushoto haikuwaka. Nilimjua aliyeiua.

Wiki moja kabla, mama aliniruhusu kubadilisha balbu kwa mara ya kwanza. "Ishike kwa kitambaa," alinionya. "Mafuta ya vidole yanaharibu kioo chake. Ukikosea, hutagusa tena vifaa vyangu." Kitambaa kilikuwa chumba cha pili. Nikaona uvivu kukifuata, nikaishika kwa vidole vitupu.

"Imekufa mapema hivi?" mama alishangaa. "Na saa nne wanakuja wale wauguzi wanane waliohitimu!"

Nikaendelea kupangusa viti. Mjomba, mdogo wake mama, mtu ambaye hakuna asichokijua, akatumwa dukani. Alirudi akipiga mluzi.

"Wati mia tatu!" alijisifu. "Leo mtaona mwanga."

Akaifunga, ikaingia vizuri. Akaiwasha, kisha akafunika flashi kwa lile sanduku la kitambaa cheupe linalolainisha mwanga. Mama analo moja tu. Baada ya dakika chache nilisikia harufu ya kitu kinachoungua. Nikagusa pete ya plastiki inayoshikilia sanduku, ukucha wangu ukazama. Nikafuta vumbi ubavuni mwa flashi, nikasoma kibandiko: balbu isizidi wati 150.

Nikachomoa plagi.

"We! Unafanya nini?" Mjomba alifoka.

"Balbu hii haifai hapa."

"Si imeingia?"

"Hata mguu wangu unaingia kwenye kiatu chako, Mjomba."

Mama alitokea mlangoni. "Rudisha plagi. Wageni wanakaribia kufika."

"Sirudishi."

Sikuwahi kumjibu mama hivyo. Plagi niliishika mgongoni kwa mikono miwili.

"Dada, msikie mwanao!" Mjomba alisema. "Ile ya mwanzo imekufa kwa wiki moja kwa sababu ilikuwa dhaifu. Ndiyo maana nimeleta yenye nguvu."

Mama aliitikia kwa kichwa. Hapo nikabanwa. Ningenyamaza, sanduku lingeungua na pengine studio nzima. Ningesema, ningefukuzwa kwenye kazi niipendayo kuliko zote.

"Haikuwa dhaifu!" nilipaza sauti. "Niliiharibu mimi. Niliishika kwa vidole, mama, kwa uvivu tu. Niadhibu utakavyo, lakini plagi hii siitoi mpaka usome kibandiko."

 Mama akainama, akasoma, akabonyeza pete, akanusa kitambaa. "Ikipoa, itoe," alimwambia Mjomba. Kwangu alisema neno moja tu: "Twende."

Tulivuka barabara hadi dukani, nimebeba balbu iliyokufa na kifuniko cha kioo cha flashi. Muuzaji alitupa kwanza balbu isiyopata joto, lakini mwenyewe alikiri kwamba haipunguzwi mwanga, na mama hupunguza kila mara. Ya pili ilikuwa ya wati mia na hamsini, ila ndefu mno, kifuniko kikakataa kukaa. Ya tatu nililinganisha kitako, volti, wati na urefu. Vyote vilikubali. Nikaichukua kwa kitambaa bila kuambiwa.

Wauguzi walipigwa picha, wakaondoka wakicheka. Ndipo mama akaniita mbele ya Mjomba.

"Leo ulikuwa sahihi, sisi wakubwa tulikosea. Asante," alisema. "Lakini ungesema ukweli asubuhi, tungejua kwamba balbu ya aina ileile inatosha. Ulikuwa na ujasiri wa kupinga kosa la mjomba wako. Uwe nao pia kwa kosa lako, tena mapema."

"Ndiyo, mama."

"Na adhabu bado ipo. Hugusi vifaa mwezi mzima."

"Wiki mbili."

"Mwezi!"

"Sawa. Lakini nani atamsomea Mjomba vibandiko?"

Mjomba alikuna kichwa. Mama aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mimi nikakunja kile kitambaa, nikakiweka juu ya boksi la balbu, mahali ambapo hata mvivu angekiona.