Pima Mbili za Waya

Duka la vyuma la Betio, kisiwani Tarawa, Jumamosi asubuhi halina adabu. Watu husukumana, redio hupiga kelele, na anayejifanya mpole hurudi nyumbani mikono mitupu. Tinaai hakuwa mpole. Alifika kaunta jasho likimtiririka, amevaa tibuta, blauzi ya njano aliyoshonewa na mama yake, juu ya suruali ya kazi iliyochakaa magotini, akaambiwa waya usioshika kutu umekwisha.

"Umekwisha vipi? Jana mlikuwa nao."

"Jana ni jana, dada. Roli la mwisho lile pale." Muuzaji alielekeza kwa kidevu.

Roli lilikuwa begani kwa kijana mmoja fundi wa injini za boti, shati lina madoa ya oili, macho ya kucheka, na mikono mirefu kuliko mtu anavyohitaji.

"Kaka, naomba huo waya."

"Unaomba kuuziwa?"

"Naomba bubuti."

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko, maana kijana alishabanwa. Tarawa ukiombwa bubuti hunyimi. Ukinyima, utasemwa mpaka wajukuu zako waone haya. Na ukishatoa hutangazi, maana kumtaja aliyekuomba ni kumvua nguo hadharani.

"Bubuti huombwa na ndugu," kijana alisema. "Undugu wetu sisi ni wa wapi?"

"Tutautafuta. Waya kwanza."

Akalishusha roli begani akampa. Jina lake lilikuwa Kaiea. Aliuliza waya wake unakwenda kufanya nini, Tinaai akamwonyesha kirekodi: chuma chembamba cha ukubwa wa tochi ndogo, kinachozamishwa kisimani na kuandika kimo cha maji kila baada ya dakika kumi, usiku na mchana, bila kulala wala kudai chai.

"Natafuta kisima karibu na kiwanda cha barafu," alisema. "Bwana Iotebwa anataka kuweka pampu kubwa. Wazee wataamua mwakani, na mimi nataka wajue maji yako wapi kabla hajayanyonya yote."

"Kisima chetu kimeegemea ukuta wa kiwanda chake," alisema Kaiea. "Unaona? Undugu umeanza."

Hivyo ndivyo kirekodi kilivyoingia kisimani kwao. Tinaai alikata waya mita tatu na sentimita ishirini, akaufunga kipande cha utepe wa bluu alichoandika kipimo hicho, akakishusha kirekodi polepole. Kirekodi cha pili alikitundika chini ya paa la jikoni.

"Huyu wa hewani kazi yake nini?"

"Anapima uzito wa hewa. Nautoa kwenye hesabu, yabaki maji matupu."

"Nitolee na mimi. Hewa imekuwa nzito tangu uingie hapa."

"Nenda huko!" Lakini alicheka, na kicheko hicho kilimponza, maana kuanzia siku hiyo simu yake haikupumzika. Kaiea alipiga kuuliza kama maji hayajambo. Alipiga kusema ameota yamepanda. Jumapili alikuja na pikipiki, amevaa lavalava, shuka ya kiunoni iliyopigwa pasi, na shati jeupe pe, na chupa ya jemu iliyojaa tembo tamu la mnazi, akampakia wakapita daraja la Betio upepo ukimvuruga Tinaai nywele. Tinaai alimpenda. Alimpenda bila kujificha, na kila baada ya miezi mitatu alipokwenda kusoma kirekodi alitia ua sikioni kama mtu anayekwenda harusini.

Safari ya tatu, wiki moja kabla ya mkutano wa wazee, alivuta kirekodi na mkono wake haukukuta waya. Ulikuta mshipi wa nailoni.

Alichutama palepale akafungua kompyuta. Mwezi mmoja nyuma, saa nne asubuhi, ndani ya dakika kumi, maji yalikuwa yamepanda sentimita arobaini. Maji ya chini ya ardhi hayaruki hivyo. Aliupima mshipi: mita tatu na sitini. Kamba ndefu imekishusha kirekodi, nacho kikadhani maji yamepanda.

Kaiea alikuwa uani anafungua injini.

"Nani ametoa waya wangu?"

Kaiea alitazama vidole vyake vya miguu. "Waya ulitoka. Nikafunga mshipi wa urefu uleule."

"Sikukuuliza umefunga nini. Nani ameuchukua?"

"Siwezi kusema, mpenzi."

"Usiniite mpenzi! Mwezi uliopita ndipo Iotebwa alipokupa kazi ya injini zake. Mwezi huohuo! Amekununua kwa ngapi?"

Uso wa Kaiea ulibadilika, lakini mdomo wake haukufunguka. Mtu aliyetulia angejiuliza ni kitu gani humfunga mwanamume wa Tarawa mdomo namna ile. Tinaai hakuwa ametulia. Alichukua vifaa vyake akaondoka, ua limeanguka penye matope.

Mkubwa wake kazini, aliyekwishaziona namba hizo, alimpigia kesho yake. "Kiondoe kisima hicho kwenye ripoti, kimya kimya."

"Sikiondoi. Ndicho kilicho jirani na kiwanda. Nikikiondoa nimebakiwa na nini?"

"Watakuaibisha, Tinaai."

"Na waniaibishe."

Kaiea alipiga mara saba. Ya nane akaipokea.

"Umekula?"

"Mara nane unapiga kuniuliza kama nimekula?"

"Nilitaka kusikia sauti yako."

"Utaisikia Ijumaa mbele ya wazee. Kama una jina, litaje sasa."

"Nikilitaja namvua mtu nguo."

"Na mimi nikivuliwa?" Akakata simu, akalia mpaka mto ukalowa, kisha akanawa uso akaendelea kuandika ripoti.

Ijumaa maneaba, ukumbi wa mikutano ya wazee, ilijaa pomoni. Wazee walikaa mikekani, kila mmoja penye nguzo ya ukoo wake, na mbele yao msemaji wao, mzee Tebano, mjomba aliyemlea Kaiea: mfupi, mpana, mwenye sauti ya kunyamazisha watoto nyumba ya tatu. Tinaai alivaa tibuta nyekundu. Kama ni kuchinjwa, alijiambia, wanione vizuri.

Mtaalamu wa Bwana Iotebwa aliinua karatasi. "Kisima kilicho jirani kabisa na kiwanda kimepanda sentimita ishirini na tano kwa miezi tisa. Kirekodi ni chake binti huyu mwenyewe. Basi pampu ina ubaya gani?"

Watu waliguna. Tinaai akasimama, mshipi mkononi.

"Hayakupanda. Mtu alibadili waya wangu, na huu umezidi kwa sentimita arobaini. Toeni hizo. Maji yameshuka kumi na tano, kama visima vingine vyote."

"Nani alibadili?" aliuliza mzee mmoja.

"Sijui."

Bwana Iotebwa alicheka. "Labda wewe mwenyewe, upate la kusema."

"Keti, binti," alisema yule mzee.

"Siketi, baba. Niiteni mwongo, lakini mniite nimesimama. Mkiruhusu pampu hiyo, mwakani wake zenu watachota chumvi, na mimi sitakuja kuwapimia."

"Ni mimi niliyebadili."

Kaiea alikuwa amesimama nyuma kabisa, na oili yake shatini. Alipita katikati ya watu waliokaa, jambo ambalo halifanywi, akauchukua mshipi mkononi mwa Tinaai. Alikunjua mikono: pima moja. Akakunjua tena: pima mbili. Mwisho wa mshipi ulikuwa kwenye ncha ya kidole chake.

"Aliyeondoka na waya aliniambia ni pima mbili. Nikakata pima mbili. Zangu."

"Uliambiwa na nani?"

Kaiea aliwageukia wazee. "Niliombwa bubuti. Najua halitajwi jina. Leo nalitaja, na mnifukuze mkitaka, maana huyu hatavuliwa nguo kwa ajili ya ukimya wangu. Ni mjomba Tebano."

Mzee Tebano aliinuka, uso umemwiva, akatoka nje. Watu walidhani ameondoka kwa hasira, na mmoja alikwishaanza kumkaripia Kaiea. Lakini nyumba ya mzee haikuwa mbali. Alirudi anahema, waya mkononi, ndoana ya kuvulia bado imefungwa upande mmoja na utepe wa bluu upande wa pili. Alisimama mbele ya Bwana Iotebwa, akakunjua mikono yake mifupi mara mbili. Waya uliishia hapohapo.

"Someni utepe," alisema.

Tinaai akausoma kwa sauti: "Mita tatu na ishirini."

"Mikono yangu mifupi tangu nizaliwe. Mlikuwa hamjui?" Maneaba ilipasuka kwa kicheko. Mzee hakucheka. "Nilikaa hapa nikamsikia mtoto wa watu anaitwa mwongo, nami nimenyamaza kulinda jina langu. Hilo ndilo la aibu. Pampu haiingii."

Mzee mmoja akasema haiingii, kisha wa pili, mpaka Bwana Iotebwa akakunja karatasi zake.

Jioni, jua likiwa bado juu ya ukuta wa kiwanda, Tinaai alikirudisha kirekodi kisimani kwa waya wake wa kwanza. Kaiea alimshikia utepe wa kupimia.

"Nilisema umenunuliwa," alisema Tinaai. "Nisamehe."

"Na mimi nilikuacha ulie. Nisamehe."

"Nani kakwambia nililia?"

"Ulikata simu mapema mno."

Tinaai alijifuta mikono kwenye tibuta nyekundu bila kujali itachafuka. "Kaiea. Naomba bubuti."

"Waya tena? Nimekwisha, jamani."

"Siombi waya. Naomba mwenye mikono. Uwe mume wangu."

Kaiea alimtazama, midomo ikimcheza. "Bubuti huombwa na ndugu."

"Ndio undugu wenyewe huu nautafuta. Unanipa au unaninyima?"

Hakunyima. Alimzungushia mikono yake yote miwili, na ilitosha na kubaki. Tena safari hii hakukaa kimya: alipanda ukingo wa kisima, akamtaja aliyemwomba na alichoombwa, kwa sauti kubwa, mpaka wafanyakazi wa barafu wakachungulia juu ya ukuta.