Baraza Lililokaa Jumapili

Jumapili baraza halikai, na kila mtu Tabora alilijua hilo. Kwa hiyo Pelagia aliposikia kipande cha reli kikigongwa mara tatu, polepole, kama kinavyogongwa hakimu anapoingia, alisimama na sufuria mkononi akamtazama mumewe.

"Umesikia?"

"Watoto wanacheza," alisema Bernardo.

"Sauti haikutoka barazani. Imetoka kwako."

Kwako ni makaburini. Bernardo alikuwa mtunza makaburi, na nyumba yao ilikuwa hatua hamsini kutoka kwenye ua. Sehemu ya juu walilala wakubwa wa mji: jaji Mzungu aliyekufa kwa homa, wazee wawili wa baraza, na ng'ambo ya njia, upande wa Waislamu, liwali wa zamani. Wa mwisho alikuwa Hakimu Lugembe, aliyezikwa Februari mwaka ule, mwaka wa pili baada ya vita vya Hitla.

Pelagia alitoka nje. Upepo ulileta harufu ya ugoro mkali wenye magadi, ule ambao marehemu hakimu aliunusa kabla ya kutoa hukumu. Kisha sauti ya mtu asiye na haraka iliita, kama tarishi anavyoita mashahidi mlangoni. "Masele wa Ngollo. Masele wa Ngollo. Masele wa Ngollo."

Jumbe Masele alikuwa jirani yao. Walimsikia akiitika "Naam" kutoka uani kwake, kama mtu aliyeitwa kula.

Alhamisi walimzika kando ya hakimu.

Bernardo hakula siku mbili, na Pelagia hakuhitaji kumwuliza sababu. Miaka sita nyuma, Jumbe Masele alidai shamba la mjane Siwema kule Itetemia. Mpaka wa shamba ulikuwa ua wa minyaa. Bernardo aliweka mkono juu ya Biblia mbele ya Hakimu Lugembe, akaapa kwamba minyaa ile ilipandwa na baba yake jumbe. Haikuwa kweli. Ilipandwa na mume wa Siwema, na Bernardo na Pelagia ndio waliomsaidia kubeba matawi. Siku hiyo utomvu ulimwingia Pelagia jicho la kushoto, akakaa siku tatu bila kuona, na tangu hapo jicho lile lilitoa machozi lenyewe. Siku ya kesi Bernardo alimwambia abaki ndani, aseme anaumwa. Siwema akanyang'anywa shamba, akahamia kwa ndugu zake Kigwa. Mwezi uliofuata jumbe alimpatia Bernardo kazi ya makaburi.

Jumapili ya pili walikuwa wametoka misa, wanakaribia mlango wao, jua limesimama kichwani na hakuna hata jani lililotikisika, reli ikagongwa, na ile harufu ya ugoro ikaja bila upepo wa kuileta, ikawazunguka kama moshi wa jikoni, na sauti ikaanza kuita, Bernardo wa Raymundi, mara ya kwanza kutoka juu kwa wakubwa, mara ya pili kutoka getini, na mara ya tatu kutoka nyuma ya mabega yao, karibu kiasi cha kusikia pumzi, naye Bernardo akafungua kinywa kama mtu aliye usingizini, na Pelagia akakiziba kwa kiganja chake, akakishikilia mpaka harufu ilipokwisha.

Walikwenda moja kwa moja kwa Bi Mwanamkuu, mzee wa Kiislamu aliyejua mambo ya majini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wanangu." Alisikiliza habari yote, kisha akamtazama Bernardo. "Miaka yote nakuita uniletee kuni huitiki. Leo ndiyo ulitaka kujifunza adabu?"

Hakuna aliyecheka. Bi Mwanamkuu alishusha sauti. "Yule si hakimu. Hakimu yuko kwa Mola wake. Hilo ni jini, limekuta kiti kitupu likakalia. Na jini halikai barazani bila kesi. Mna kiapo kibaya humo ndani?"

Bernardo aliinamisha kichwa.

"Basi kakitoe chote. Na mkiitwa na msiyemwona, msiitike."

Jumatatu Bernardo alipanda treni hadi Kigwa. Alimkuta Siwema akimenya mihogo.

"Shikamoo, mama."

Siwema hakuitikia. Aliendelea kumenya.

"Nimekuja kurudisha maneno yangu."

"Hukuyasemea hapa," alisema Siwema. "Yarudishe kule ulikoyasemea."

Aliyarudisha. Padri Anselm alimsindikiza mbele ya hakimu mpya, na watu walijaa mpaka madirishani. Bernardo alieleza juu ya minyaa, na juu ya jumbe, na juu ya kazi aliyopewa. Hakimu aliandika, kisha akauliza, "Kuna mtu mwingine aliyejua?"

Pelagia alikuwa mkekani nyuma, na wanawake. Jicho lake lilianza kutoka machozi. Aliweka mkono chini ili ainuke.

"Hakuna," alisema Bernardo. "Nilikuwa peke yangu."

Pelagia akakaa.

Siwema alirudishiwa shamba lake. Padri Anselm alinyunyiza maji ya baraka kaburi kwa kaburi, na Yahaya, mdogo wake Bi Mwanamkuu, akasoma dua akiwa amesimama njiani. Jumapili ile reli haikugongwa, wala iliyofuata. Mvua zikaanza. Bernardo alianza tena kuimba akipalilia.

Jumapili moja ya Novemba, asubuhi, Pelagia alikuwa uani akichambua mchicha. Hakusikia reli. Alisikia jina lake tu, Pelagia binti Kasimiri, mara moja, kwa upole, kama mzazi anavyomwita mtoto aliye chumba cha pili. Kwao mtoto asiyewaitikia wakubwa alilala na njaa.

"Abee," alisema, kabla hajainua kichwa.

Bernardo alitoka ndani. "Umemwitika nani?"

Pelagia alikuwa akifuta jicho la kushoto. Vidole vyake vililowa utomvu mweupe, mzito, kama wa tawi la mnyaa lililokatwa sasa hivi. Uani hapakuwa na mnyaa. Palikuwa na harufu ya ugoro.

"Wanauliza ni nani mwingine aliyejua," alisema.

Walimzika Jumatano. Bernardo alichimba kaburi mwenyewe, mbali na wakubwa, chini kabisa karibu na njia. Jumapili aliketi kando yake tangu alfajiri, kinywa wazi, akisubiri aitwe ili aitike.

Alikaa hadi jua likazama. Hakuitwa.