Kitambaa Juu ya Kompyuta ya Pili

Uvumi ule ulimganda Mama Sindano kama uzi kwenye sketi nyeusi. Aliupata asubuhi kwa muuza mboga: kwamba binti yake ameacha vitabu, kutwa anaendesha magari ya kwenye kompyuta, na kwamba watoto wa namna hiyo huishia kusahau hata kuandika majina yao. Muuza mboga alisema huku akifunga nyanya, bila ubaya wowote. "Mimi nimesikia tu, jirani. Sijasema mimi." Lakini neno lilikuwa limeshaingia, na Mama Sindano alipofika kazini alitunga uzi mara nne kabla haujapita kwenye tundu.

Alikuwa mshonaji, mwenye karakana ya vyerehani vitano na wasichana wanne wa kazi. Binti yake alikuwa na miaka kumi na tatu, na jina la Sindano alipewa na wasichana wale kwa wembamba wake, na kwa maneno yake pia. Tangu Ijumaa iliyotangulia, kona ya karakana ilikaliwa na kompyuta mbili za mezani. Chumba cha kompyuta cha shule kilikuwa kinapakwa rangi, na mwalimu wa sayansi alimwomba Mama Sindano azihifadhi kwa wiki moja. Basi kila alasiri Sindano alitoka shule, akanawa mikono, akala, akaketi kule kwenye kona. Na kweli, milio ya magari ya mbio ilisikika mpaka barabarani.

Siku ile mama hakungoja ale. Alimuuliza pale pale mlangoni, mkoba ukiwa bado mgongoni.

"Mama, sichezi," alisema Sindano. "Napima."

Akamweleza polepole. Shule itanunua kompyuta moja tu kati ya zile mbili, na nyingine itarudi kwa fundi wa kompyuta aliyeziazimisha. Zinafanana kwa kila kitu isipokuwa prosesa, kile kidude kidogo cha ndani kinachopiga mahesabu yote. Ndani ya prosesa kuna viini, nao ndio wafanyakazi. Ya kwanza ina viini sita vyenye kasi sana. Ya pili ina viini kumi na sita, ila kila kimoja ni kizito kidogo kuliko vya mwenzake. Mwalimu amempa yeye kazi ya kuzipima kwa mambo mawili, mchezo na video. Mchezo, kwa sababu klabu yao inataka kushindana na shule nyingine. Video, kwa sababu mwalimu anataka kurekodi masomo na kuyatengeneza vizuri, wapelekewe wanafunzi wanaougua wasikose darasa. Ijumaa atasoma majibu mbele ya wazazi. Atakachosoma ndicho kitakachonunuliwa.

Mama Sindano aliishia darasa la saba, lakini jambo la wafanyakazi hakufundishwa na mtu. "Kwa hiyo ya kwanza ni mimi na suti moja ya bwana harusi," alisema. "Ya pili ni sisi sote na sare mia mbili."

Sindano alicheka mpaka mkoba ukamteleza begani. "Hapo hapo, mama. Mchezo ni ile suti. Huwezi kuwapa watu kumi na sita mkono mmoja wa koti, watapigana viwiko. Video unaikata vipande, kila mtu anashika chake."

Kuanzia hapo kifua cha Mama Sindano kilikuwa mbele. Wateja wawili walielezwa habari za viini bila kuuliza. Na fahari ikimshika mshonaji, mikono haitulii. Aliona vumbi la vitambaa likielea juu ya zile kompyuta, akaona haya, kana kwamba mgeni amekaribishwa kwenye kiti kichafu. Kabatini alikuwa na kitambaa kizito cha kufuma, alichokitia bitana ya bluu. Kilikuwa kimoja tu. Jumatano mchana alikitandika juu ya kompyuta ya pili, akakivuta vizuri mpaka nyuma, kisha akatoka kwenda kumpima mteja nyumbani kwake.

Aliporudi alikuta kitambaa kimekunjwa, kimewekwa rafuni. Sindano alikuwa anaandika. Pembeni yake alisimama mwanafunzi mwenzake, kiongozi wa klabu ya michezo, anayeitwa Bingwa na kila mtu, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Kompyuta ya pili ilikuwa imeshindwa kote: kwenye mchezo, na hata kwenye video, ambako ilitumia dakika thelathini na moja wakati mwenzake alitumia ishirini na nne.

"Si nilisema?" Bingwa alikuwa anatamba. "Hiyo viini vyake ni kama wanakamati. Wengi, kazi hakuna."

Wasichana wa vyerehani walicheka. Sindano hakucheka, na jioni chakula alikizungusha tu kwenye sahani.

Alhamisi mama alipokuwa anapiga pasi, aliinama nyuma ya kompyuta ya pili, iliyokuwa bado inawaka, kuchomeka waya wa pasi. Upepo wa moto ukampiga kiganjani. Kumbe hiki kitu kinapumua. Kinapumulia huku nyuma na juu, pale pale alipokifunika yeye. Aliiweka pasi kwenye kiweko chake, akasubiri binti arudi.

"Jana kitambaa changu ulikikuta wapi?"

Sindano alitazama sakafu. "Juu ya kompyuta ya pili."

"Kabla ya kupima au baada?"

"Baada. Nilikuwa natazama skrini tu. Ilikuwa ya moto kama hiyo pasi. Joto likizidi, prosesa inajipunguza kasi yenyewe, isiungue."

"Ukajua hivyo, na ukaandika hivyo hivyo?"

"Nilitaka ya kwanza ishinde, mama. Ndiyo ya klabu yetu. Halafu nilijua wewe ndiye uliyekiweka. Ningesema nini mbele ya watu?"

Mama Sindano alikaa kwenye stuli. Tuseme ukweli: wazo la kwanza lililomjia halikuwa zuri. Aliwaza kwamba Ijumaa ni kesho, kwamba hakuna aliyeona, na kwamba muuza mboga sasa angepata habari ya kuuza wiki nzima, mshonaji aliyetaka kuipika kompyuta ya shule. Kisha akamwaza mtoto yeyote aliyelala kitandani na homa, anasubiri somo lisilofika kwa sababu ya kitambaa chake yeye. Akasimama.

"Andika kwamba kitambaa ni changu," alisema. "Halafu andika na kosa lako. Kisha pima upya, mimi nikiwa hapa."

Sindano alizisogeza zote mbili mbali na ukuta, akaziacha zipoe, akapima kila kitu mara tatu huku mama akitazama saa ya ukutani. Kwenye mchezo, ya kwanza iliongoza bado, picha mia na arobaini kwa sekunde dhidi ya mia na ishirini na sita. Lakini kwenye video, ya pili ilimaliza kwa dakika kumi na tatu, dhidi ya ishirini na nne za mwenzake. Wasichana waliacha vyerehani wakapiga makofi, ingawa mmoja aliuliza wanashangilia nini.

Ijumaa darasa lilijaa. Sindano alisoma majedwali yote mawili, la Jumatano na la Alhamisi. Alisema kitambaa kilikuwa cha mama yake, ambaye hakujua. "Mimi nilijua," akaendelea, "na nikanyamaza siku nzima mpaka mama aliponiuliza, kwa sababu majibu yalinifurahisha." Nyuma, Bingwa alinong'ona kwamba ya pili ilifumiwa sweta, na darasa likacheka. Mama Sindano alitamani kuingia chini ya dawati. Hakuingia. Aliinua mkono, akasema, "Ndiyo, ni mimi niliyeivisha."

Fundi wa kompyuta alimwambia Bingwa asikate tamaa, tofauti ile ya mchezo jicho lake halitaiona, na klabu itacheza bila shida. Shule ikachukua ya pili. Kisha mwalimu akalishika jedwali la Jumatano, lile baya, akalibandika ukutani kando ya lile zuri.

"Sikumpa Sindano kazi hii kwa kuwa hakosei," alisema. "Kipimo kikikupa unachokitaka, hapo ndipo ukichunguze mara mbili. Na ukigundua umekosea, sema kabla hujaulizwa. Yeye alihitaji kuulizwa mara moja. Sidhani kama atahitaji tena."

Njiani kurudi, muuza mboga aliwasimamisha. Alikuwa amesikia kwamba binti wa mshonaji anapima akili za kompyuta. Mama Sindano hakusahihisha kitu. Alichukua nyanya, akamshika binti yake bega, wakaenda.

Leo mlangoni mwa karakana kuna karatasi, mwandiko ni wa mama:

Usifunike kompyuta inayofanya kazi, hata kwa kitambaa kizuri.
Usiisukume mpaka ukutani.
Usipime mara moja ukatosheka.
Usichague kwa kupima mchezo peke yake, wala video peke yake.
Usifiche jibu usilolipenda.
Usiamini uvumi juu ya mtoto wako kabla hujamuuliza mwenyewe.
Na ukikosea, usingoje mama akuulize.