Mchanganyiko wa Mke Wangu

"Mnataka kuniulia wateja, nyie?"

Simu ilikuwa kwenye spika, juu ya meza ya jikoni, kati ya bakuli la iliki na pasi ya nywele. Pasi yenyewe ilishasahau nywele. Kipusa aliitumia kubana midomo ya vipakiti vyake vya viungo, kipakiti kimoja kwa kikombe kimoja cha kahawa. Mama yake, aliyekuwa akivipanga kwenye boksi, aliacha mkono hewani.

"Samahani mama, naongea na nani?" Kipusa aliuliza.

"Mwenye mgahawa wa kahawa, hapa kona ya benki! Namba yako nimeitoa kwenye vile vipakiti vya kuonja vya mwanzo. Nina mteja hapa ulimi umekufa ganzi, anaongea kama katoka kung'olewa jino. Mmemwaga karafuu shamba zima!"

"Lakini mama, mimi sijawahi kukuletea mzigo. Mchumba wangu alisema ulikataa."

"Nilikataa nini? Bwana Tai kaniletea maboksi mawili Jumatatu! Na leo saa nne anakuja na mengine."

Simu ikakatwa. Mama na mwana wakatazamana.

Bwana Tai ndiye mchumba mwenyewe. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu hata akienda kununua chumvi alivaa tai. Kipusa alichanganya viungo, yeye alizunguka na mkoba kwenye migahawa kuvinadi. Wiki tatu sasa alikuwa akirudi na uso mrefu: "Wamekataa, mpenzi. Soko gumu." Mama akimpakulia chakula, akimwambia pole mwanangu, Mungu atafungua njia.

"Labda huyo mama kachanganya watu," Mama alisema. "Usimhukumu mtoto wa watu. Harusi imebaki wiki mbili."

"Basi mpigie wewe, mama. Wewe hawezi kukudanganya."

Mama akapiga. Mlio wa pili tu, ikapokelewa.

"Shikamoo mama mkwe!"

"Marahaba, mwanangu. Uko wapi?"

"Niko nje ya mji, mama. Shangazi kazidiwa, nimekaa kitandani kwake hapa. Tuombeeni."

"Pole jamani. Mwambie shangazi..."

Nyuma ya simu sauti ya mwanamke ikaita, tamu kama asali: "Mume wangu, na hili boksi tunabeba?"

Simu ikakatika.

Mama aliitazama simu. Yule shangazi amwitaye mpwa wake mume wangu alikuwa shangazi wa aina gani?

"Vaa viatu," alimwambia binti yake.

Kipusa hakulia. Alichukua chupa zake nne za viungo, kijiko cha kawaida, na kijiko kingine kidogo kilichokatika ncha, alichokifunga kwenye kitambaa kama dhahabu.

Mgahawani, mwenye mgahawa aliwatupia kipakiti mezani. Karatasi ya kung'aa. Mbele picha ya mwanamke kacheka meno yote, na maneno: *Mchanganyiko wa Mke Wangu.*

Kipusa alikishika kwa vidole viwili.

"Mama, huyu si yule dada wa stika?"

Alikuwa yeye. Yule aliyewachapia stika za kwanza, akakataa malipo, akasema, "Nyie ni kama ndugu zangu." Mama ndiye aliyemsifu siku ile kwamba ana roho nzuri.

Mlango ukafunguka. Bwana Tai akaingia, tai nyekundu, boksi begani. Nyuma yake dada wa stika, pete kidoleni, kanyoosha mkono ili ionekane hata na walio barabarani.

"Shangazi kapona?" Mama aliuliza.

Boksi lilimteleza begani, akalidaka kwa goti.

"Mama! Eeh... mama, naweza kueleza."

"Eleza. Tumekuja na masikio mawili mawili."

"Hii ni biashara tu. Hii picha ni... ni matangazo."

"Matangazo?" dada wa stika akamgeukia. "Mimi ni matangazo? Si ulinivisha pete mbele ya mama yangu? Hawa ni nani?"

"Mimi ndiye mchumba wake," Kipusa alisema. "Na viungo ulivyobandikia sura yako ni vyangu."

"Vyako wapi! Aliniambia ni vya bibi yake mzaa mama, alimwachia kabla ya kufa!"

"Bibi aliyekufa ni wangu," Kipusa alisema. "Huyu, bibi yake bado yuko hai, anacheza karata kila Jumapili."

Mwenye mgahawa aligonga meza. "Mimi sijali bibi wala pete. Nataka kujua nani anajua kutengeneza hiki kitu, maana mteja wangu hadi sasa anajing'ata ulimi hasikii."

Bwana Tai alikaza tai yake, akatoa simu. Bado alikuwa na uso wa kusimama mbele za watu!

"Bosi, mapishi ninayo hapa. Mdalasini vijiko vinne. Tangawizi viwili. Iliki viwili. Karafuu vijiko vitatu."

"Nilivyokutajia kwa mdomo wangu," Kipusa alisema polepole, "siku uliposema watu wanaooana hawafichani kitu."

Wenye mabinti, hapo ndipo alipoibiwa. Hakuibiwa gizani. Aliibiwa kapakatwa, anabembelezwa, anaitwa mke.

Kipusa alifungua chupa zake, akaomba mabakuli mawili. La kwanza alipima vyote kwa kijiko cha kawaida, kama simu ilivyosema. Kwa la pili akafungua kitambaa, akatoa kile kijiko kilichokatika ncha.

"Karafuu ina kijiko chake. Bibi alikivunja akifungua mkebe, akaona kinabeba punje tu, akakiacha hapohapo kwenye chupa ya karafuu. Hukuwahi kuniuliza kijiko gani. Hukuwahi kuja hata jikoni kuniona nikichanganya."

Mwenye mgahawa alitia kila mchanganyiko kwenye kikombe chake cha kahawa. Alionja kahawa ya kwanza, akatema kwenye leso. Alionja ya pili, akanywa tena.

"Hiki ndicho nilichoonja mwanzo," alisema. "Binti, niletee hiki. Na nina dada zangu wawili wenye migahawa. Wewe wa tai, beba takataka zako."

Dada wa stika alishavua pete. Aliidumbukiza kwenye kikombe cha kahawa ya kwanza, akatoka bila kuaga.

Mchana ule, nyumbani, ndipo Kipusa alipolia. Alilia kichwa kikiwa mapajani kwa Mama, gauni la harusi likining'inia nyuma ya mlango. Ujumbe ukaingia kwenye simu yake.

*Mpenzi nimekosa. Shetani alinipitia. Siwezi kuishi bila wewe. Naomba nije nipige magoti mbele ya mama.*

Mama alisoma mara mbili. Moyo wake, moyo wa mama aogopaye binti yake kubaki mwenyewe, ukalegea. Kadi zilishagawiwa. Watu watasema nini? Akafungua mdomo kusema, mwanangu, wanaume ndivyo walivyo, msamehe.

Ujumbe wa pili ukaingia kabla hajatoa neno.

*Halafu mpenzi, kile kijiko cha karafuu kina ukubwa gani hasa?*

Mama aliufunga mdomo wake. Kipusa akainua kichwa, macho mekundu, akausoma naye. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Mama alichukua muda kugundua kwamba sasa anacheka.

"Nipe hiyo simu," Mama alisema.

Akavaa miwani, akaandika herufi moja moja kwa kidole cha shahada:

*Kikubwa mwanangu. Tumia upawa.*